Mkate Ndani ya Gari

Fairfax, Virginia
9 Aprili 2024

Wifi Anitha,

Nimepiga simu tangu Jumatatu ya Pasaka mpaka nimechoka kumsikiliza yule mwanamke wa mashine. Leonard ndiye aliyeniambia kwamba umenifungia namba. Basi nimenunua stempu. Barua huwezi kuifungia.

Nataka nijieleze mwenyewe, maana maneno yakipitia kwa mdogo wangu Leonard yanafika nusu. Siku ya Pasaka Anna alikuja jikoni kwangu wakati naepua maandazi, akasimama ananitazama. Nikamkatia nusu. Nilijua mnamkataza ngano, sikatai, lakini nilijua kama ninavyojua watu wanaojizuia sukari: kidogo hakidhuru. Mimi ni shangazi yake. Ukaingia, ukamnyang'anya kilichobaki, ukamvuta mpaka kwenye gari, koti lake likabaki kwangu. Yote hayo mbele ya mume wangu Anatoli na watu wa jumuiya. Hata neno moja hukuniambia.

Na la pili. Nasikia una mimba ya miezi minne, na wewe mwenyewe hugusi mkate wala chapati wala tambi. Mgonjwa si ni Anna? Wewe unajinyima kwa nini? Aliye tumboni anakula kwa mdomo wako.

Nimempa Leonard sufuria ya mtori akuletee. Ni ndizi na nyama tu, kama anavyopika mama yetu kule Kibosho. Kula, wifi.

Euphrasia

*

Bladensburg, Maryland
18 Aprili 2024

Shikamoo wifi,

Barua nimeipata. Nakujibu kwa sababu umeandika, si kwa sababu nimetulia.

Anna alitapika njia nzima, kutoka kwako mpaka hapa. Wiki ile hakwenda shule. Ugonjwa wake unaitwa seliaki. Si deko, wala si mzio wa kuwasha ngozi. Ndani ya ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai kuna kitu kinaitwa gluteni. Kikiingia tumboni mwake, mwili wake unaupiga vita utumbo wake wenyewe, na utumbo ukichubuka, chakula chochote anachokula hakimfai. Ulimwona alipokuwa na miaka minne: tumbo kubwa, miguu kama njiti, nywele zinanyonyoka. Mama mkwe alisema ni minyoo. Wewe ulisema simlishi. Dawa yake ni moja tu, asile hata chembe, maisha yake yote.

Unauliza kwa nini mimi sili. Nyumba yangu haina ngano, maana chembe zinahama kwa kisu, kwa ubao, kwa vidole. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Ya pili ni yangu mwenyewe. Mimba ya Anna ilinipa hamu ya mkate, nikaula asubuhi, mchana na jioni. Siwezi kuacha kulifikiria jambo hilo. Huyu wa sasa nitamkinga mapema.

Mimi ni mzima, daktari ameridhika. Asante kwa mtori, lakini chakula usitume tena.

Anitha

*

Fairfax
20 Mei 2024

Anitha,

"Asante kwa mtori." Uliandika kwa mkono wako. Leonard naye akaniapia kwamba uliula wote. Jana baada ya misa ya Kiswahili Anna akanishika sketi, akaniambia kwa Kiingereza chake, bila ubaya wowote, kwamba mama aliumwaga kwenye sinki kisha akaisugua sinki kwa maji ya moto. Ngano gani iko ndani ya ndizi, Anitha?

Nilikutazama kanisani. Mashavu yamekwisha. Wakati wa kusimama ulishika benchi la mbele kama bibi kizee. Nikampigia mama Kibosho, akasema ukoo wetu haujawahi kuwa na ugonjwa huo, na mimi namwamini. Sisi chapati tumezila tangu utoto. Kama Anna ameurithi mahali, katafute kwenu Morogoro.

Unajua kinachoniuma? Mimi nimebeba mimba tatu. Unaijua moja. Hizo nyingine hata Leonard hazijui. Zote zimetoka kabla sijanunua hata soksi. Nimeishi na damu pungufu, tumbo kujaa gesi, mifupa kuuma kama nina miaka themanini, na kila daktari ananiambia nipumzike, ni mawazo. Ningepewa nafasi yako ningekula kila kilichowekwa mbele yangu ili mtoto akae. Wewe umepewa, unaichezea.

Usinijibu kama hutaki.

Euphrasia

*

Bladensburg
2 Juni 2024

Dada Euphrasia,

Mtori niliumwaga, ni kweli. Siku ya Pasaka niliuona mwiko wako wa mti ndani ya bakuli la unga wa maandazi. Nikajua ndio huohuo uliokoroga ndizi, na mti unanyonya. Leonard alikudanganya ili tusigombane. Mimi nikakudanganya ili nisimuumbue Leonard. Nisamehe kwa hilo.

Pole kwa watoto wako. Sikujua kama ni watatu. Nimekuwa mkeo, kama mnavyomwita kwenu mke wa ndugu, miaka yote hii, na sikujua.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na si kwa hasira. Damu pungufu. Tumbo kujaa. Mifupa. Mimba kutoka. Dada, haya yote daktari wa Anna aliyataja alipokuwa anatueleza kuhusu watu wazima wenye seliaki wasiojua kwamba wanayo. Alituambia ndugu wa damu wapimwe. Mimi nilipimwa nilipokuwa bado nakula ngano, wakaniambia sina. Leonard mpaka leo anasema ataenda akipata nafasi.

Nakuomba ukapime. Wanaanza na damu tu. Ila usiache kula ngano kabla ya vipimo kwisha, maana ukiacha, ugonjwa unajificha na kipimo hakioni kitu.

Sisemi haya ili kuutupia ukoo wenu mzigo. Naapa.

Anitha

*

Fairfax
9 Juni 2024

Anitha,

Nilikuandikia kilio changu, wewe umenirudishia ugonjwa. Niliwataja watoto wangu wote watatu kwa mara ya kwanza kwa mtu asiyekuwa Anatoli, na ulichoona ndani yake ni njia ya kushinda ubishi wetu wa nani kamrithisha Anna.

Mimi ni mzima wa kutosha kwenda kazini kila siku. Tafadhali, tuache kuandikiana.

Euphrasia

*

Hospitali, wodi ya wazazi
24 Julai 2024

Wifi,

Anayekuletea barua hii ni Cheryl, jirani yangu wa mlango wa pili. Nimelazwa. Jana nilianguka dukani Landover, nikaokotwa na watu nisiowajua huku Anna akilia. Damu imeshuka mno. Moyo wa mtoto unapiga vizuri, lakini ni mdogo kuliko umri wake, na hawataki niondoke machoni pao.

Leonard yuko Texas na lori, ana mzigo mwingine wa kupeleka mbele kabla hajageuza. Mama yangu yuko Morogoro. Cheryl ana roho nzuri lakini hawezi tena kusoma maandishi madogo ya pakiti, na wajukuu zake wanaingia na biskuti mkononi. Nimemfikiria kila mtu ninayemjua huku. Nimeishia kwako.

Namba yako nimeifungua. Ila nikikupigia nitalia, na haya ninayotaka kukuambia yanataka mtu aliyetulia.

Nakuomba ukakae na Anna, nyumbani kwangu, si kwako. Usiingize mkate, unga, biskuti wala sosi ya soya. Kila pakiti isome mpaka neno la mwisho, hata kama uliisoma jana, kwa sababu wanabadilisha. Kwenye kambi ya watoto ya kiangazi anabeba chakula chake mwenyewe. Akikulilia, mwache alie. Usimpe kitu kwa kumhurumia.

Kama huwezi, mwambie Cheryl sasa hivi nitafute mtu mwingine. Sitakuchukia. Lakini ukisema unaweza, uweze kweli.

Anitha

*

Bladensburg
26 Julai 2024

Wifi Anitha,

Niko kwako tangu juzi. Kazini nimeomba ruhusa. Anatoli atajipikia, hatakufa.

Anna anakula. Jana wali, maharage na mboga. Leo ugali wa mahindi na samaki, baada ya kusoma mfuko wa unga mpaka macho yakauma. Mwiko nimenunua mpya. Anna aliniamuru nioshe mikono nilipoingia, nikaosha. Usiku analala na kanga yako. Anauliza kama mtoto ni mdogo kwa sababu yeye alilia dukani. Nimemwambia hapana. Mwambie na wewe kwa simu, mimi haniamini sana.

Wewe je? Wanakupa nini? Leonard anasema unamjibu neno moja moja.

Mimi ni mzima.

Euphrasia

*

Hospitali
31 Julai 2024

Dada Euphrasia,

Nimeomba karatasi kwa muuguzi, kwa maana tukiongea kwa simu tutagombana Anna akiwa amesimama hapo.

Jana jioni Anna aliniambia tumbo linamuuma na ameharisha. Nikamuuliza amekula nini. Akataja ugali, akataja ndizi. Nikamuuliza tena. Akasema: "Shangazi anakula mkate ndani ya gari." Kila siku, anasema. Unatoka, unafunga mlango, unakula, unarudi. Amekuona dirishani.

Nilikuomba kitu kimoja. Unaujua ugonjwa sasa, nimekueleza, nimekubembeleza. Kama mkate ni mtamu kiasi hicho, ungebaki Fairfax ukaula mezani kwako. Mikono hiyo hiyo ndiyo inayomsuka mwanangu nywele. Huku nimefungwa mashine tumboni, siwezi kushuka kitandani, na mtu niliyemwamini anajificha kwenye gari kama mwizi.

Cheryl yuko tayari kumchukua kesho. Niambie ukweli, halafu uondoke.

Anitha

*

Bladensburg
1 Agosti 2024

Anitha,

Cheryl amekuja, nimemkaribisha chai, nimemwomba asubiri niandike kwanza, akuletee. Ukimaliza kusoma, uamue.

Anna hajambo. Leo asubuhi nilikwenda kambini nikakaa na mwalimu wao. Juzi watoto walifinyanga wanyama kwa ule unga wa rangi wa kuchezea. Nikamwomba anionyeshe kopo. Ni ngano. Anna alifinyanga twiga, kisha akala zabibu zake bila kunawa. Mwalimu hakujua. Hata mimi nisingejua mwezi uliopita. Wameuondoa.

Sasa mkate.

Baada ya kukuandikia ile barua ya Juni nilikaa na hasira wiki nzima. Kisha nikaenda kupima, ili nikutumie majibu nikuonyeshe kwamba umekosea. Hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu, sikufichi. Damu ikasema ninayo. Ili wawe na uhakika, daktari ataingiza kamera tumboni akate vipande vidogo vya utumbo, tarehe nane mwezi huu. Mpaka siku hiyo amenitaka nile ngano kila siku, vinginevyo hawataona kitu. Ulikwisha kuniambia hivyo wewe mwenyewe.

Basi nikafanya nini? Wewe ulikataza ngano isiingie ndani, daktari kanikataza kuiacha. Nikala kwenye gari. Navaa shati la zamani juu ya nguo, nakula vipande viwili, natupa mfuko kwenye pipa la nje, navua shati nalifungia kwenye buti, nanawa kwa maji ya chupa, kisha nanawa tena ndani kwa sabuni. Mkate wenyewe sasa unanikaa kifuani kama jiwe. Nautafuna nikiwaza mimba tatu, na kila siku najiuliza kama naweza kuumeza.

Sikukuambia kwa sababu ulikuwa umelala na mashine tumboni, na kwa sababu ya kiburi. Nilimwambia mama "kwetu hakuna", nikakuandikia wewe "katafute kwenu". Ilikuwa vigumu kuandika "nimeupata."

Cheryl bado anasubiri sebuleni. Ukisema niondoke, nitaondoka leo hii.

Euphrasia

*

Hospitali
3 Agosti 2024

Dada yangu,

Usiondoke. Nilimwambia Cheryl kwa simu, lakini nataka ulione limeandikwa. Usiondoke.

Nimesoma barua yako muuguzi akiwa ananibadilishia dripu ya madini ya chuma. Aliniuliza kama ninaumwa mahali. Nikamwomba karatasi nyingine.

Na mimi nina la kwako, nimelificha kwa kila mtu, hata Leonard. Nilikuandikia kwamba daktari ameridhika. Hakuwa ameridhika. Vidonge vya wajawazito niliacha kumeza tangu Machi. Kwenye chupa palikuwa na neno "wanga" bila kusema ni wanga wa nini, nikahofia ni ngano. Badala ya kuuliza, nikaacha. Kisha nikaacha na vingine, chochote nisichokuwa na hakika nacho, mpaka nikabaki na wali, ndizi na chai. Kliniki wakiniuliza, nasema nameza. Ndivyo ulivyoniona kanisani. Ulichokiona kilikuwa kweli, sababu tu ndiyo ulikosea.

Juzi daktari alivuta kiti akakaa. Nikamwambia yote. Nikamuuliza, "Nikiendelea hivi, huyu ataepuka ugonjwa wa dada yake?" Akasema, "Hapana. Hakuna ushahidi kwamba mama akiacha ngano wakati wa mimba anamkinga mtoto. Na mkate uliokula ukiwa na Anna haukumpa ugonjwa." Nikamwomba arudie hayo ya mkate. Akarudia.

Akasema kutokula ngano si kosa, mradi mtu ajue anachokikosa. Unga wa ngano wa hapa unaongezwa vitamini ya foliki na madini ya chuma, ule wetu wa mchele mara nyingi hauongezwi, kwa hiyo lazima nifidie kwa vidonge, nyama, maharage na mboga. Mfamasia alipiga simu kiwandani nami nikimsikiliza. Wanga wa vile vidonge ni wa mahindi, dada. Mahindi.

Mtoto akizaliwa naye atapimwa kwa wakati wake. Ngano ataonjeshwa akianza kula, kwa utaratibu wa daktari. Hofu yangu haimsaidii kitu.

Wanasubiri aongeze uzito kidogo, kisha wataanzisha uchungu. Kesho kutwa Leonard atakuwa amefika, lakini tarehe nane mwache yeye na Anna. Akupeleke Cheryl, maana baada ya dawa ya usingizi hawatakuruhusu kuendesha. Na mkate uendelee nao mpaka siku waliyokuambia. Hata mlangoni, hata ngazini. Usijifiche tena.

Mdogo wako,
Anitha

*

Bladensburg
19 Agosti 2024

Mama wa wawili,

Leonard anakuja huko sasa hivi, nimempa na barua hii. Juzi nilimshika mkono nikampeleka kupima damu. Alianza kusema akipata nafasi, nikamwambia nafasi ndiyo hii, na lori ameliegesha. Majibu bado.

Picha za mtoto nimezitazama mpaka simu ikaishiwa chaji. Ni kadogo, lakini Leonard anasema kananyonya kama kanadai. Mtori nitaupika kesho, jikoni kwako, kwa sufuria yako. Ukitaka mje nao wauguzi wausimamie.

Na mimi majibu yangu yametoka Ijumaa. Ni seliaki, hakuna shaka tena. Daktari ni mama mtu mzima, akaniuliza kama nina swali. Nikamuuliza moja tu, na unalijua. Akasema inawezekana kabisa ugonjwa ndio uliozitoa mimba zangu, lakini kwa hakika hawezi kusema, na hatanidanganya. Nikamshukuru. Nilirudi kwenye gari nikakaa. Anatoli alikuwa kando yangu, hakuwasha injini, tukakaa hivyo hivyo. Nina miaka arobaini na moja. Hatujazungumza lolote zaidi ya hapo, na usiniulize kwanza.

Nilimpigia mama Kibosho. Akaanza kutaja watu. Mdogo wake aliyekuwa na tumbo. Shangazi yake ambaye hakuzaa. Nikamwambia basi, mama, waache wapumzike.

Jana jioni nikaenda dukani na Anna. Nilidhani nimekwisha kujua kusoma pakiti, maana nimemsomea yeye wiki zote hizi. Lakini nilipochukua ya kwangu, herufi zikaanza kucheza, na nikajikuta nalia mbele ya rafu, mtu mzima na kikapu mkononi. Anna akaniuliza ninalia nini. Sikuwa nimepanga kumwambia, ningekuachia wewe. Nikamwambia, "Shangazi naye hawezi kula ngano. Ana ugonjwa kama wako."

Akanitazama. Akauliza, "You too? Forever?"

Nikamwambia ndiyo, mimi pia, mpaka mwisho.

Wifi, alifurahi. Alicheka kwa sauti, akaruka pale dukani, kisha akakumbuka kwamba mimi nalia, akaziba mdomo kwa mikono miwili na kuona haya. Macho bado yalikuwa yanacheka juu ya vidole. Miaka yote hii hakuwa na mwenzake hata mmoja.

Nikamwambia atoe mikono mdomoni, afurahi tu.

Dada yako,
Euphrasia